Maswali ya Wasomaji: Tokeni za Bure na Kile Unachoombwa Ili Uzipate

Barua nyingi zilizotufikia katika wiki za karibuni zinahusu jambo moja: tokeni za sarafu za kidijitali zinazogawiwa bure, ambazo vijana wengi huziita eadropu, na watu wanaopoteza akiba zao wakiwa njiani kuzichukua. Nimeamua kuutumia ukurasa wote wa toleo hili kuzijibu, kwa sababu walioziandika si walafi wala wajinga kama wanavyoambiwa na jamaa zao. Wengi wao walifuata hatua walizoamini kuwa ni sahihi, na hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza ni nini hasa kilitokea ndani ya simu zao. Majina nimeyaondoa kwa ombi lao, na baadhi ya barua nimezifupisha.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Je, kweli zipo tokeni za bure ambazo si utapeli? Kaka yangu anasema zote ni wizi, lakini rafiki yangu wa chuo alipata na akaziuza. — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kaka yako na rafiki yako kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Ugawaji wa kweli upo, na una sababu zake za kibiashara: mradi unaotaka maamuzi yake yafanywe kwa kura za watumiaji huwagawia watumiaji hao tokeni za kupigia kura, na papo hapo hujijengea jina. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Uniswap, soko la kubadilishana sarafu linaloendeshwa na programu, ambalo Septemba 2020 liliigawia kila anwani iliyokuwa imelitumia kabla ya tarehe 1 ya mwezi huo tokeni 400 za UNI. Katika siku za mwanzo tu, fungu hilo lilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 1,000 za Marekani.

Tazama jambo moja katika mfano huo. Orodha ya wanaostahili ilikuwa imeshafungwa kabla tangazo halijatolewa, na hakuna aliyeweza kujiingiza siku ile kwa kubofya linki, kwa kuwa mradi uliangalia nyuma, kwenye kumbukumbu za blokicheni, yaani daftari la pamoja la miamala ya sarafu hizi, ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Tapeli hana kumbukumbu za kuangalia. Kwake yeye kila anayefika anastahili, na kila anwani inayobandikwa kwenye tovuti yake huambiwa kwamba imeshinda.

Upo pia ugawaji wa kweli wenye mavuno haba. Mchezo wa Hamster Kombat wa ndani ya Telegram, uliowashughulisha vijana kwa kugonga kioo cha simu mchana na usiku, uligawa tokeni zake tarehe 26 Septemba 2024 kwa wachezaji zaidi ya milioni 100, na wengi waliambulia kiasi kidogo mno wakilinganisha na miezi waliyoutumikia. Huo haukuwa wizi; wizi ulikuwa pembeni yake. Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilieleza kuwa kulikuwa na programu ya Android iliyojifanya Hamster Kombat, ikisambazwa kupitia chaneli ya Telegram, ambayo kumbe ilikuwa jasusi lenye uwezo wa kuona arifa zinazoingia kwenye simu na kutuma ujumbe mfupi bila mwenye simu kujua. Kwa sisi ambao fedha za nyumbani, za biashara na za ada ya shule zote ziko kwenye laini ya simu, hilo ni jambo zito kuliko tokeni zenyewe.

Kwa hiyo ukiletewa habari ya tokeni za bure, acha kwanza kujiuliza unaahidiwa nini na ujiulize unaombwa nini. Utaona katika barua zinazofuata kwamba swali hilo lingetosha kumwokoa karibu kila aliyeziandika.

SWALI: Nina pochi ya MetaMask (programu ya kutunzia sarafu za kidijitali) kwenye simu, na ndani yake nilikuwa na USDT (sarafu inayofuata thamani ya dola) kwenye mtandao wa BNB, fedha za kuagizia mzigo wa nguo. Niliona tangazo la tokeni za bure, nikaunganisha pochi, nikabonyeza kitufe cha kudai na kulipa ada ndogo ya BNB. Tokeni hazikuja. Asubuhi yake USDT zote zilikuwa zimeondoka, lakini BNB zangu zipo. Maneno yangu 12 ya siri ya kufungulia pochi sijampa mtu yeyote. Yako kwenye daftari nililolifungia kabatini. Waliingiaje? — Msomaji, Kariakoo, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo. Nakuamini unaposema kwamba maneno yako hujayatoa, kwa sababu ushahidi uko ndani ya barua yako mwenyewe: BNB zimebaki. Mwizi aliyepata maneno 12 anakuwa mmiliki kamili wa pochi na hukomba kila kitu, ikiwemo sarafu ya kulipia ada. Aliyechukua USDT peke yake akaziacha BNB hakuwa na maneno yako. Alikuwa na kibali, na kibali hicho ulikitoa wewe ulipobonyeza kitufe ukidhani unapokea.

Tokeni kama USDT huongozwa na programu inayokaa kwenye blokicheni, inayojulikana kama mkataba wa tokeni. Mkataba huo unampa mwenye tokeni nafasi ya kuidhinisha anwani nyingine izitumie kwa niaba yake. Utaratibu wenyewe una kazi yake halali. Bila huo, masoko kama Uniswap na PancakeSwap yasingeweza kukubadilishia sarafu. Tatizo ni kwamba kibali kinaweza kutolewa kwa kiasi kisicho na kikomo, kwamba huendelea kuwa hai mpaka ukifute mwenyewe, na kwamba aliyekishika hahitaji kukuuliza tena. Ni hundi uliyoitia saini bila kuandika kiasi. Tapeli anaweza kuitumia dakika ileile, au akavuta subira hadi salio linenepe.

Naomba ukumbuke kilichoonekana kwenye kioo cha simu, maana hapo ndipo palikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Kitufe cha tovuti kiliandikwa "Claim", lakini dirisha la pochi lililofunguka baada yake halikuandikwa hivyo. Tovuti huandika chochote anachotaka mwenye tovuti. Pochi hujitahidi kuandika kinachotendeka. Dirisha hilo lilikuwa na neno "Approve", au maelezo kuhusu kikomo cha matumizi, pamoja na jina la tokeni ambayo tayari unayo, yaani USDT, na anwani ya atakayeitumia. Mahali pa kiasi huandikwa kwamba hakuna kikomo, au hukaa namba ya ajabu yenye tarakimu 78 inayoanza na 115792, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote ambazo mkataba unaweza kuipokea. Mtu anayepokea tokeni mpya hana sababu yoyote ya kuidhinisha matumizi ya tokeni zake za zamani. Ukiona USDT imetajwa wakati unapokea kitu kingine kabisa, kataa na ufunge ukurasa.

Kuna aina ya pili ambayo naiogopa zaidi, kwa sababu haikati hata senti. Baadhi ya tokeni, USDC ikiwa mojawapo, hukubali kibali kinachotolewa kwa saini tu, nje ya blokicheni. Dirisha hujitokeza likiomba saini, halitaji ada, na mtu hujiambia kwamba kwa kuwa hakatwi kitu hakuna madhara. Ukilisoma ndani utakuta maneno "Permit", "spender", "value" na "deadline": aina ya kibali, atakayetumia, kiasi, na muda wa mwisho. Tapeli huichukua saini hiyo na kuiwasilisha mwenyewe kwenye blokicheni, na ada hulipa yeye. Anaweza kumudu kuilipa.

Watu hawa wana kazi iliyopangwa. Programu za kukausha pochi hukodishwa kama zana nyingine yoyote: waliotengeneza ile iliyoitwa Inferno Drainer walikuwa wakijikatia asilimia 20 ya kila kilichoibwa na wateja wao, na mteja alibakiwa na jukumu la kuleta watu, yaani kununua matangazo, kuteka akaunti na kusambaza linki. Kampuni ya Scam Sniffer, inayofuatilia wizi wa aina hii, ilihesabu hasara ya takriban dola milioni 494 kwa mwaka 2024, kutoka anwani zaidi ya 332,000. Nakutajia hesabu hizo ili usiendelee kujilaumu kana kwamba ulidanganywa na mtoto. Tovuti uliyoikuta ilitengenezwa na mafundi.

Sasa fanya hivi. Usiweke USDT nyingine kwenye pochi hiyo kabla hujafuta kibali. Fungua Revoke.cash, au ukurasa wa kukagua vibali ulioko BscScan, tovuti inayoonyesha miamala ya mtandao wa BNB, ukiandika anwani ya tovuti mwenyewe herufi kwa herufi, kwa maana hata tovuti za kufutia vibali zimeigizwa. Vibali hukaguliwa tokeni kwa tokeni na mtandao kwa mtandao, kwa hiyo kama unatumia pia Ethereum au Polygon, pitia na huko. Kila ufutaji hukata ada ndogo ya mtandao. Kufuta hakurudishi kilichoondoka, lakini hufunga mlango ambao bado uko wazi.

SWALI: Nitaijuaje tovuti halisi? Mimi nilifuata linki iliyotoka kwenye akaunti rasmi ya mradi, yenye alama ya uthibitisho, na bado nililizwa. — Msomaji, Nairobi

JIBU: Akaunti rasmi hutekwa. Tarehe 15 Julai 2020 akaunti za Twitter za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates na Elon Musk ziliahidi kumrudishia maradufu kila atakayetuma bitikoini, na watu walituma zaidi ya dola 100,000 kabla uongo huo haujazimwa. Tarehe 9 Januari 2024 ilitekwa akaunti ya tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na dhamana. Na mradi wa Arbitrum ulipogawa tokeni zake tarehe 23 Machi 2023, uwanja wake wa mazungumzo wa Discord uliingiliwa siku mbili tu baadaye, na tangazo la uongo likapachikwa humo humo ambamo watu waliambiwa wategemee habari za kweli.

Kwa hiyo chanzo kimoja hakitoshi, hata kikiwa na alama. Tafuta njia mbili zisizotegemeana: kwa mfano tovuti ya mradi ambayo umekuwa ukiitumia na uliyoihifadhi kwenye simu yako siku nyingi kabla ya ugawaji, pamoja na nyaraka za mradi au habari ya chombo kinachoaminika inayotaja anwani hiyohiyo. Usianzie kwenye injini ya utafutaji, kwa maana nafasi za juu huuzwa kwa matangazo, na matapeli huzinunua. Usianzie kwenye ujumbe wa faragha wa Telegram, hata kama aliyeandika ana picha na jina la msimamizi wa kundi. Na soma anwani ya tovuti polepole: kwenye kioo kidogo cha simu, herufi r na n zikikaa pamoja huonekana kama m, na arbitrurn ikapita machoni pa mtu kama arbitrum.

Angalia pia haraka unayotiwa. Saa inayohesabu dakika kwenye ukurasa wa kudai ni silaha ya tapeli. Arbitrum ilitoa nafasi ya kudai hadi tarehe 24 Septemba 2023, nusu mwaka nzima, na aliyesubiri wiki mbili akisikiliza wenzake wanasema nini hakupungukiwa na tokeni hata moja.

Kuna tahadhari moja zaidi ambayo naithamini kuliko zote nilizotaja, kwa sababu inakulinda hata ukishakosea. Wengi hushauriwa watumie pochi tupu kwa ajili ya kudai, lakini ugawaji wa kweli hufungamana na anwani uliyokuwa ukiitumia, na mara nyingi hiyo ndiyo yenye akiba. Basi geuza mpango: tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, ihamishie akiba yako yote, na uiache anwani ya zamani ikiwa na sarafu ya kulipia ada tu. Kisha ndipo udai kwa kutumia ile ya zamani. Ukiingia kwenye tovuti ya uongo, mwizi atakuta nyumba imehamwa.

SWALI: Nimefungua pochi yangu nikakuta tokeni nisizoziomba, thamani yake imeandikwa dola 3,000, na jina lake ni anwani ya tovuti. Niziuze? — Msomaji, Arusha

JIBU: Usiziguse. Mtu yeyote anaweza kuunda tokeni, kuipa jina lolote na kuituma kwa anwani yoyote, kama ambavyo mtu yeyote anaweza kukutumia ujumbe. Jina hilo ni chambo cha kukupeleka kwenye tovuti, na huko ndiko utakakoombwa kibali nilichokieleza juu. Julai 2022 anwani zaidi ya 70,000 zilitumiwa tokeni iliyojifanya ni ya Uniswap, ikiwaelekeza watu kwenye ukurasa wa kubadilisha, na takriban dola milioni 8 zikaibwa. Tokeni ikikaa tu kwenye pochi haina madhara. Ifiche isionekane, uendelee na shughuli zako.

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu wa miaka 19 ameingizwa kwenye kundi la Telegram linalogawa tokeni. Anaonyeshwa salio la dola 4,200 kwenye tovuti yao. Ameshatuma shilingi 6,500 kwa M-Pesa kama ada ya kufungulia, kisha nyingine ya uhakiki, na sasa wanadai kodi. Ananiomba mimi nimalizie. Nimpe? — Mama, Likoni, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Usimpe, na nitakueleza kwa nini ili nawe uweze kumweleza yeye, kwa maana ukimkatalia bila maelezo ataenda kukopa kwingine.

Ada ya kweli ya blokicheni hukatwa ndani ya pochi ya mdai mwenyewe, kwa sarafu ya mtandao husika: ETH kwenye Ethereum, BNB kwenye mtandao wa BNB, TRX kwenye Tron. Huchukuliwa na mtandao wenyewe, na haiendi kwa msimamizi wa kundi lolote. Hakuna mahali ambapo ada hiyo inatumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na hakuna mamlaka ya mapato iliyomteua msimamizi wa kundi la Telegram kuikusanyia kodi. Tena, kama kweli mwanao angekuwa na dola 4,200, wangezikata humo humo gharama zao na kumpa kinachobaki. Wanadai fedha kutoka nje kwa sababu ndani hamna kitu.

Mwombe akuonyeshe salio hilo nje ya tovuti yao. Achukue anwani ya pochi yake, aibandike kwenye Etherscan au Tronscan, tovuti zinazomwonyesha yeyote salio na miamala ya anwani, kulingana na mtandao walioutaja, na muangalie pamoja. Zile dola 4,200 zipo kwenye ukurasa wao tu, ambako mwenye ukurasa huandika namba anayoipenda. Nadhani atakapoliona hilo kwa macho yake hatahitaji kuhubiriwa. Zile namba alizozitumia fedha zitumeni Safaricom kwa ujumbe mfupi kwenda 333, na mhifadhi ujumbe wote wa miamala. Nakusihi pia, mama, usimfedheheshe mbele ya watu wa nyumbani. Vijana wanaofedheheshwa huficha hasara ya pili na ya tatu, na matapeli hutegemea ukimya huo.

SWALI: Nimechimba sarafu ya kidijitali ya Pi tangu 2020. Kuna ndugu mmoja hapa mjini anajiita wakala wa uhakiki, anasema nimpe maneno yangu 24 na shilingi 20,000 anihamishie Pi zangu kwenye mtandao mkuu. Wenzangu kadhaa wameshampa. — Msomaji, Mbeya

JIBU: Pi Network ni mradi halisi kwa maana kwamba upo, mtandao wake ulifunguliwa kwa miamala ya nje tarehe 20 Februari 2025, na uhakiki wa utambulisho hufanywa ndani ya programu za mradi wenyewe, na mwenye akaunti mwenyewe. Kama Pi itakuwa na thamani ya kudumu ni mjadala mwingine ambao watu wazima wanaweza kutofautiana. Kuhusu wakala huyo hakuna mjadala. Maneno 24 hayathibitishi kwamba wewe ni nani. Hayo ndiyo pochi yenyewe, na anayeyajua anaweza kuifungua kwenye simu yake akiwa popote duniani. Hakuna hatua yoyote ya uhakiki inayoyahitaji.

Waambie wenzako leo, usingoje. Maneno ya pochi hayabadilishwi kama nenosiri. Dawa pekee ni kutengeneza pochi nyingine yenye maneno mapya na kuhamishia huko salio lililo huru kabla mwingine hajalihamisha. Wale ambao Pi zao bado zimefungwa kwa muda wanapaswa kujua kwamba mwizi naye anaweza kusubiri tarehe ileile ya kufunguliwa, akiwa ameweka programu inayohamisha kwa haraka kuliko kidole cha binadamu. Na kama mlimpa pia namba za NIDA au picha za vitambulisho, fuatilieni kama kuna laini za simu zilizosajiliwa kwa majina yenu.

SWALI: Mwaka 2023 nilipanga foleni KICC, ule ukumbi wa mikutano wa Nairobi, nikapigwa picha ya macho na kupewa tokeni. Sasa kuna mtu mtaani anasema kuna fungu jingine, niende na kitambulisho na simu yangu anisaidie. Niende? — Msomaji, Kayole, Nairobi

JIBU: Mradi ule wa Worldcoin haukuwa wa kubuni. Ulizinduliwa rasmi Julai 2023, nyuma yake ikiwa kampuni ya Tools for Humanity, na Wakenya wengi walijipanga kupigwa picha za mboni kwa kifaa cha mviringo kiitwacho Orb, ili wapate tokeni 25 ambazo thamani yake ilikuwa karibu shilingi 7,000 wakati huo. Serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli hizo tarehe 2 Agosti 2023. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data za kibayometriki zilizokusanywa zifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Nimeyaeleza haya kwa sababu barua yako inaonyesha upande wa suala hili ambao hausemwi vya kutosha: hata pale ambapo tokeni zilitoka kweli na watu wakaziuza, kilichoombwa kilikuwa kizito kuliko kilichotolewa. Nenosiri likivuja hubadilishwa. Mboni ya jicho huwezi kuibadilisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza data zako zinatumiwaje na kuomba zifutwe, na ningependa uitumie haki hiyo kwa kuiandikia ofisi hiyo ya Kamishna.

Huyo wa mtaani usiende kwake. Anayeshika simu yako ikiwa imefunguliwa, pamoja na kitambulisho chako, ana kila kinachohitajika ili kukopa kwa jina lako, na tokeni anazozitaja ni kisingizio cha kuvipata hivyo viwili.

SWALI: Kwenye maoni ya video nimemkuta mtu ameweka maneno yake 12 hadharani akiomba msaada. Nimeifungua pochi yake kwenye Tron na kweli ina USDT nyingi, ila haina TRX za ada. Nikiweka TRX kidogo zangu, si nitaweza kuzitoa? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Hutaweza. Pochi hiyo imetegwa kwa njia moja kati ya mbili: ama kuna programu inayofagia TRX mara tu zinapoingia, ama mamlaka ya kuidhinisha miamala yamehamishiwa kwenye anwani nyingine, hivyo maneno uliyopewa yanakuonyesha salio lakini hayakuruhusu kulihamisha. TRX zako ndizo zinazowindwa, na kwa kuwa mtego huu huwanasa wanaotaka kuchukua cha mwenzao, aliyenaswa hathubutu kulalamika. Lakini hata kama ungewezekana, fedha hizo si zako, na nakuomba kwa dhati uachane nazo.

SWALI: Nimepoteza tokeni na sasa kwenye kila ninapouliza wanajitokeza watu wanaosema ni wadukuzi wa kurejesha fedha. Nimtumie mmoja wao? Na je, nikienda polisi Tanzania sitashtakiwa mimi kwa kumiliki sarafu hizi? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Usimtumie hata mmoja. Muamala uliothibitishwa kwenye blokicheni haurudishwi na mdukuzi, wakili wa mtandaoni, wala kampuni yenye nembo nzuri. Wanaokuandikia wanajua umepoteza kwa sababu wanatafuta watu waliopoteza, na mara nyingine ni walewale waliokuibia.

Kilichopo ni njia ndefu, isiyo na uhakika, ambayo bado nakuomba uifuate. Kampuni ya Tether inayotoa USDT, na Circle inayotoa USDC, zina uwezo wa kuzuia anwani, na zimewahi kufanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola. Vilevile, mwizi anapotaka kugeuza alichoiba kuwa fedha za kawaida mara nyingi hupitia soko kubwa la sarafu linalowatambua wateja wake, na hapo anaweza kushikwa ikiwa taarifa imefika mapema. Kwa hiyo andaa namba ya muamala, ambayo kwenye Ethereum na mtandao wa BNB huanza na 0x ikifuatiwa na herufi na tarakimu 64. Anwani yako na ile iliyopokea. Linki kamili ya tovuti. Na picha za skrini zenye tarehe na saa. Usifute mazungumzo kwa hasira au kwa aibu. Kama kuna namba ya simu ya Tanzania iliyotumika katika utapeli huo, iripoti pia TCRA kupitia 15040.

Kuhusu hofu yako ya polisi, naielewa. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za aina hii si fedha halali nchini, na tangazo hilo limewafanya wengi wajihisi ni wahalifu, ingawa waliibiwa. Lakini udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na unaporipoti unaenda kama mlalamikaji. Ikiwa kiasi ni kikubwa au biashara yako inahusika, zungumza kwanza na wakili. Kenya sasa ina sheria yake ya mwaka 2025 kuhusu watoa huduma wa mali za kidijitali, kwa hiyo wasomaji wetu wa huko wana mahali pa ziada pa kupeleka malalamiko ikiwa kampuni inayohudumu nchini mwao imehusika.

Ukifika kituoni, omba kuzungumza na kitengo cha makosa ya mtandao, eleza kwa utaratibu, na usiondoke bila namba ya RB, au OB kama uko Kenya. Ipeleke namba hiyo siku ileile kwenye dawati la usalama la soko ambalo anwani ya mwizi imeelekea, kwa maana masoko mengi hutaka kuona ripoti ya polisi kabla ya kuzuia akaunti ya mteja wao, na kila saa inayopita humpa mwizi nafasi ya kuhamisha tena.